Stadi mpya ya Cleveland: timu ihame ikitaka, lakini pesa za watu waliosahau ziachwe

Tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka 1974, Muhammad Ali alimwangusha George Foreman mjini Kinshasa, katika stadi ya 20 Mai, ambayo leo inaitwa Tata Raphaël. Hilo kila mtu Kongo analijua. Hata mtoto aliyezaliwa kambini amelisikia kwa babu yake. Kisichojulikana sana ni mahali Ali alipokwenda kupigana baada ya hapo. Miezi mitano baadaye, tarehe 24 mwezi wa 3 mwaka 1975, alipanda ulingoni kwa mara ya kwanza kutetea ubingwa alioutwaa Kinshasa, akammaliza Chuck Wepner katika raundi ya 15. Pambano hilo lilifanyika Richfield, jimbo la Ohio, Marekani, ndani ya ukumbi mkubwa uliokuwa mpya kabisa, uliojengwa mashambani kati ya mji wa Cleveland na mji wa Akron.

Stadi ya Kinshasa bado iko pale pale, komine ya Kalamu, na watu wanaiendea kwa miguu. Ukumbi wa Richfield haupo tena. Timu ya basketi ya Cleveland, Cavaliers, ilihamishiwa huko mwaka 1974 kwa maneno matamu: nafasi kubwa, maegesho mengi, mbali na kelele za mji. Miaka 20 baadaye timu ilirudi katikati ya mji. Barabara ya kufika Richfield ilikuwa nyembamba, magari yalikuwa yakisongamana, na wakati wa theluji msapota aliweza kukuta mechi imeshaanza. Ukumbi ulibaki mtupu, ukabomolewa mwaka 1999, na kiwanja chake kikaingizwa katika mbuga ya taifa ya Cuyahoga Valley. Pale Ali aliposimama leo ni majani tu, na ndege wanataga mayai.

Habari hiyo ya zamani inafaa kukumbukwa leo, maana mji uleule wa Cleveland umegombana kwa miaka kuhusu safari nyingine ya kwenda pembeni. Safari hii ni timu ya Browns, timu ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kubeba mpira mikononi na kuvaa kofia ngumu. Wenye timu wanataka kuitoa kwenye stadi yake iliyo wazi kando ya Ziwa Erie na kuipeleka Brook Park, mji mdogo ulio karibu na uwanja wa ndege, ndani ya stadi mpya iliyofunikwa paa. Familia nyingi za Kikongo zilizopokelewa Ohio kama wakimbizi zinaishi Cleveland na Akron. Wapo waliotoka Fizi, wapo waliotoka Masisi, wapo waliopitia Nyarugusu au Nakivale miaka mingi kabla ya kupanda ndege. Wengi wao hawafuatilii Browns hata kidogo, na kusema kweli timu hiyo haijawapa sababu kubwa ya kuifuatilia: mwaka 2017 ilicheza mechi 16 na kupoteza zote 16. Lakini mjadala huu unawahusu zaidi ya wanavyodhani.

Kwanza ieleweke kwa nini watu wa Cleveland wana kidonda na jambo hili. Browns ilianza mwaka 1946, ikachukua jina la kocha wake wa kwanza, Paul Brown, na ilikuwa bingwa wa ligi mara nne kati ya mwaka 1950 na 1964. Halafu tarehe 6 mwezi wa 11 mwaka 1995, mwenye timu wa wakati huo, Art Modell, akatangaza kwamba anaihamishia Baltimore. Kesho yake tu, wakaaji wa wilaya ya Cuyahoga walipiga kura kukubali kuendelea kulipa kodi ya sigara na pombe ili stadi ya timu hiyo hiyo itengenezwe. Watu walikubali kulipa, na timu ikaondoka hata hivyo. Mji ulifanikiwa kubaki na jina, rangi na historia ya Browns, stadi ya zamani ikavunjwa na vifusi vyake vikazamishwa ziwani viwe makao ya samaki, na mwaka 1999 timu mpya yenye jina lilelile ikaanza kucheza katika stadi mpya mahali palepale. Ile kodi ya sigara na pombe haikuisha. Mwaka 2014 wapiga kura waliiongezea miaka 20 mingine.

Kutokana na maumivu hayo, bunge la Ohio lilipitisha mwaka 1996 sheria ambayo watu huiita sheria ya Modell. Ilisema kwamba timu inayocheza katika stadi iliyosaidiwa na pesa za umma haiwezi kuondoka hivi hivi. Lazima itoe taarifa ya miezi sita na kuwapa mji na wakaaji wake nafasi ya kuinunua. Meya wa Cleveland, Justin Bibb, aliishika sheria hiyo mkononi kupinga safari ya Brook Park. Mwaka 2025 wabunge waliibadilisha ndani ya bajeti ya jimbo, ili iguse tu timu inayotoka nje ya Ohio. Brook Park iko ndani ya Ohio. Mlango ukafungwa. Mwezi wa 10 mwaka huo meya na wenye timu, familia ya Haslam, walipatana: kesi zikomeshwe, mji ulipwe, na wenye timu wagharamie kuvunja stadi ya ziwani. Jumla ya mapatano ilitajwa kuwa dola milioni 100.

Wanaotetea safari hii wana maneno yenye uzito, na si haki kuyapuuza. Upepo wa Ziwa Erie mwezi wa 12 si mchezo. Mtu aliyetoka Uvira akisimama pale dakika kumi ataomba arudishwe nyumbani. Stadi iliyo wazi inatumika kwa mechi siku kama 10 tu kwa mwaka, na siku nyingine zote inakaa kimya juu ya ardhi nzuri kuliko zote mjini, ile inayotazama maji. Stadi yenye paa inaweza kupokea matamasha na mashindano mengine mwaka mzima. Kiwanja cha Brook Park ni ardhi ya zamani ya kiwanda cha Ford, ambako watu walipoteza kazi karakana zilipofungwa, na vyama vya mafundi wa ujenzi vinaiunga mkono kazi hiyo kwa sababu inayoeleweka: wanachama wao wanataka kula. Tena hata kubaki ziwani kusingekuwa bure. Ili Browns isiondoke, mji wa Cleveland ulikuwa umeahidi dola milioni 461 kwa ukarabati wa stadi ya sasa. Mji maskini wenye mitaa mingi iliyochoka hauna dola milioni 461 za kuchezea.

Kwa hiyo timu kuhama si dhambi. Mwenye timu ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara huhamisha duka lake. Wala paa si ubaya. Ubaya uko katika mambo mawili: nani ataweza kufika, na nani analipa.

La kufika ni fupi. Stadi ya ziwani iko hatua chache kutoka katikati ya mji, mahali ambapo mabasi na treni zote hukutana. Asiye na gari anafika. Treni ya mji iitwayo Red Line inapita upande wa Brook Park ikielekea uwanja wa ndege, ila kutoka kituoni hadi mlango wa stadi kuna mwendo, na mpango wenyewe umejengwa juu ya maelfu ya nafasi za kuegesha magari. Anayeijua Lubumbashi ataelewa tofauti. Stadi ya TP Mazembe imekaa ndani ya Kamalondo, katikati ya nyumba za watu, na siku ya mechi mtaa mzima unakula: mama wa karanga, kijana wa maji, mwenye malewa, motari. Cleveland ina wa kwake wa namna hiyo, wenye baa, wenye viwanja vya kuegesha, wauzaji wa soseji na fulana barabarani. Mradi wa Brook Park unaweka stadi, hoteli, mikahawa, maduka na maegesho ndani ya eneo moja linaloendelezwa na wenye timu pamoja na wabia wao. Msapota ataingia getini na gari lake, atakula humo, atalala humo akitaka, na pesa yake haitatoka nje ya ua.

Ndiyo maana ahadi kwamba stadi itajilipa yenyewe kwa kodi inatia mashaka. Wachumi wa Marekani wamechunguza viwanja hivi kwa zaidi ya miaka 30, na mara nyingi wanafikia jibu lilelile: mji haupati faida inayofikia pesa ya umma iliyotolewa. Sababu yake haihitaji shule kubwa. Familia ikitumia dola 300 siku ya mechi huko Brook Park, dola hizo hizo haitazitumia kwenye mkahawa wa mtaani kwake wiki hiyo. Pesa imehama mfuko tu.

Sasa la pili. Gharama ya stadi imetajwa kuwa dola bilioni 2.4. Wenye timu walisema wataleta nusu, na nusu nyingine itoke upande wa umma, dola milioni 600 kwa serikali ya jimbo na nyingine kama hizo kwa mamlaka za chini. Wilaya ya Cuyahoga ilikataa. Gavana wa Ohio, Mike DeWine, alikuwa na wazo lake la kupata fungu la jimbo: kupandisha kodi ya kampuni za kamari za michezo kutoka asilimia 20 hadi 40. Mtu anayejua jinsi kamari inavyowala vijana wa Goma, Bukavu na Kinshasa, wanaouza simu ili kubeti, angelipigia makofi. Wabunge hawakulitaka. Walichagua mfuko mwingine, na gavana akatia sahihi bajeti tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 2025.

Mfuko huo ni pesa zisizodaiwa.

Kila jimbo la Marekani lina mfuko wa namna hii. Mtu anapoacha pesa mahali na mwenye kuishika akashindwa kumpata kwa muda uliowekwa, pesa hiyo hupelekwa serikalini ihifadhiwe mpaka mwenyewe ajitokeze. Ni mshahara wa mwisho ambao haukuchukuliwa. Ni garanti ya nyumba, au pesa ya dhamana iliyowekwa kwenye kampuni ya umeme. Ni akaunti ndogo ya benki iliyosahauliwa, au bima ya marehemu ambayo watoto hawakujua kama ipo. Ohio inashikilia zaidi ya dola bilioni 4 za namna hiyo. Sheria mpya inasema kwamba zile zilizoingia mfukoni kabla ya mwaka 2016 na hazijadaiwa ziwe mali ya jimbo kuanzia tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2026, na kutoka humo stadi ichukue milioni zake 600. Wanaoutetea mpango huu wanasema kwa fahari kwamba hakuna kodi iliyoongezwa, hakuna raia aliyeguswa.

Hapo ndipo wakimbizi wanapaswa kusimamisha kazi na kusikiliza. Nani huacha pesa nyuma katika nchi ile? Tajiri mwenye nyumba moja miaka 40, mwenye mhasibu na wakili, huacha kidogo, na akiacha yupo wa kumkumbusha. Anayeacha ni anayehama. Ni familia iliyofika Ohio mwaka 2012, ikapewa nyumba ya kwanza na shirika la wakimbizi, ikakaa mwaka mmoja, ikahamia mtaa mwingine kwa sababu kodi imepanda, ikahamia tena karibu na kiwanda cha nyama au ghala, kisha ikaondoka jimbo zima kumfuata ndugu aliyeko Iowa au Kentucky. Barua ya garanti ilikwenda anwani ya kwanza. Cheki ya wiki ya mwisho ilikwenda anwani ya pili. Barua zote zilikuwa za Kiingereza, na zilifanana na matangazo, zikatupwa.

Tena kuna jambo la majina. Mkongo ana jina, jina la nyuma na jina la ubatizo, na karani wa kambini aliyaandika alivyosikia. Jina moja linaweza kuwa na B kwenye karatasi moja na W kwenye nyingine, na jina la ukoo likawekwa mahali pa jina la kwanza. Wengi waliandikiwa wamezaliwa tarehe 1 mwezi wa 1 kwa sababu hakukuwa na cheti. Kompyuta ya serikali ikitafuta mtu wa namna hiyo haimpati. Halafu bunge linasema: ni miaka kumi hajajitokeza, basi hana haja nayo.

Aliyelala Kanyaruchinya au Bulengo anayajua maneno hayo. Shamba lililoachwa Rutshuru kwa sababu ya risasi halikuachwa kwa sababu mwenyewe hana haja nalo. Mtu akirudi akakuta mwingine analima, haambiwi kwamba hakuna aliyeguswa. Pesa za Ohio ni ndogo ukilinganisha na shamba, na hakuna aliyezikimbia kwa bunduki. Ohio si Kivu. Ila hesabu iliyotumika ni ile ile: asiyekuwepo anachukuliwa kuwa amekubali.

Walioiona hivyo si wakimbizi peke yao. Mawakili wawili waliowahi kuwa wanasiasa wa jimbo, Marc Dann na Jeff Crossman, walipeleka serikali mahakamani kwa niaba ya wenye pesa hizo, wakisema ni mali ya watu binafsi, na jimbo lilipewa kuitunza tu. Mahakama ifanye kazi yake. Bunge lenyewe lingeweza kuuliza swali moja rahisi zaidi. Kama dola bilioni kadhaa zimelala bila wenyewe, je, sehemu ndogo yake isingetosha kuwatafuta kwa bidii, kwa lugha zao, redioni, makanisani, misikitini, kwenye vyama vya jamii zao? Hilo lingefanywa kwanza, na stadi ingengoja. Watu wa kamari wangelipa wakati huo, hawakosi.

Wanaodhani paa na ukubwa vitalinda uamuzi huu wautazame mji wa Pontiac, jimbo la jirani la Michigan. Mwaka 1975, Lions ya Detroit ilitoka mjini ikaenda kucheza huko, katika stadi yenye paa la kitambaa lililoshikiliwa na hewa, Silverdome. Iligharimu zaidi ya dola milioni 55, pesa nyingi wakati ule. Ilikuwa fahari: mwaka 1994 mechi za Kombe la Dunia zilichezwa ndani yake, juu ya majani yaliyooteshwa nje na kuingizwa. Lakini mwaka 2002 Lions ilirudi katikati ya Detroit. Pontiac ilibaki na jengo la kulisha bila ng'ombe wa kukamua. Mwaka 2009, mji ukiwa umewekwa chini ya msimamizi wa fedha wa jimbo, stadi iliuzwa kwa mnada kwa dola 583,000. Baadaye paa likapasuka, theluji ikaingia hadi kwenye viti. Mwezi wa 12 mwaka 2017 walitega baruti kuiangusha, na siku ya kwanza ikagoma kuanguka. Ilibidi wajaribu tena kesho yake.

Brook Park ina wakaaji kama 18,000. Mji wa kiasi hicho ukiingia mkataba na familia tajiri juu ya jengo la bilioni 2.4, wakaaji wake wana haki ya kuuliza nani atabaki na jengo siku timu itakapotaka kuondoka tena. Browns imekwishaondoka mara moja na hii ni ya pili. Si timu ya kuaminiwa kwa maneno.

Kwa familia zilizoko Ohio, au zilizowahi kuishi huko na sasa ziko kwingine, kuna kazi inayowezekana leo, bila kungoja mahakama wala wabunge. Wizara ya biashara ya jimbo ina idara ya pesa zisizodaiwa, na kwenye tovuti yake mtu anaweza kutafuta jina bila kulipa. Atafute jina lake kwa kila namna lilivyowahi kuandikwa: mbele nyuma, kwa B na kwa W, pamoja na jina la mume, la marehemu baba, la mtoto aliyefanya kazi likizo moja halafu akaacha. Akumbuke anwani za zamani, maana ataulizwa. Wapo watu wanaowapigia simu wengine wakijitolea kuwatafutia pesa hizo kwa kukatiwa fungu. Hakuna haja yao, kijana yeyote wa familia anayejua simu atafanya jioni moja. Walioko Goma, Bukavu, Kalemie au Bujumbura wenye ndugu huko wanaweza kuwatumia ujumbe huu kwa sauti, kwa Kiswahili, maana barua ya Kiingereza haikuwafikia.

Stadi ya Brook Park imepangwa kufunguliwa mwaka 2029. Kwa jinsi sheria ilivyoandikwa, wenye pesa za zamani wanaweza kuendelea kuzidai hadi mwanzo wa mwaka 2036.